Jibu Nililolitoa kwa Niaba Yako

Mirdif, Dubai, Jumapili mchana

Zaituni mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo jioni ukija getini, hapa sizirudii. Mambo ya koti, soksi na mahali pa kuficha pasipoti nimemwachia Wanjiku. Yeye ni mlinzi, analipwa mshahara kwa kufokea watu. Jana alinipigia kutoka kazini kwake Al Barsha analalamika: "Mama Zai, huyu msichana wako ananionyesha sweta kama ya kuendea church kwetu Limuru, eti ndiyo ya baridi ya UK! Nimemwambia ataganda kabla hajashuka ngazi ya ndege." Msikilize. Wiki tatu amekulaza kwenye kitanda chake kule Al Baraha, yeye analala chini. Ana haki ya kukufokea.

Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu.

Naandika nikiwa chumba cha kufulia, karatasi iko juu ya meza ya pasi. Sir amelala usingizi wake wa mchana, madam yuko saluni. Utaona karatasi hizi nyuma zina Kiingereza kilichopigwa chapa. Ni kurasa za kitabu cha Sir, zile anazozikataa. Huzikunja akazitupa kapuni, mimi nazitoa nazinyoosha kwa pasi, maana upande mmoja ni mweupe kabisa na roho inaniuma kutupa karatasi nzuri hivyo. Huko nyuma kuna maisha yake. Huku mbele nakuandikia yangu. Ukifika soma pande zote mbili.

Nianze na kosa, nisije nikalizungukazunguka mpaka Sir akaamka. Wiki iliyopita aliniita chumbani kwake kwa kuandikia. Mwezi ujao kitabu chake kinazinduliwa London, ukumbini, na watu wa chama chake cha zamani na waandishi wa habari. Anataka uwepo. Anataka usimame useme kwamba mama yako alikuacha kwa bibi ukiwa mdogo akaenda kutafuta, nawe umemwacha Imrani kwa bibi huyo huyo unakwenda kutafuta, na wote mko sawa, hakuna aliyeumia. Dakika mbili tu, akasema. "Nina hakika atakubali, au sivyo, Mwajuma?"

Nikajibu, "Yes, sir."

Sikukuuliza. Nilimjibu kama anayeulizwa kama chai iko tayari.

Wewe unampenda Sir, na sikulaumu. Ulipokuja hapa alisimama kukuvutia kiti, mzee wa miaka themanini, akakuuliza habari za kozi yako ya kuhudumia wagonjwa kama anayezungumza na balozi. Akakuandikia barua ya udhamini kwa wenye hiyo nyumba ya wazee unakokwenda kufanya kazi. Ukaniambia getini, "Mama, huyu baba ni mtu mzuri sana." Ni mzuri. Miaka tisa niko naye, hajanipandishia sauti hata mara moja. Nilipoumwa jino alinipeleka mwenyewe kwa daktari akakaa kwenye foleni na gazeti lake. Hapo ndipo penye ugumu. Angekuwa mtu mbaya ungemkataa mwenyewe bila mimi kujaza karatasi.

Sasa sikia ametoka wapi. Baba yake alikuwa na duka dogo la viatu katika mji mmoja wa mvua, kaskazini kwao huko. Akataka mwanawe azungumze kama watoto wa matajiri, akampeleka shule ya bweni akiwa na miaka saba. Saba, Zaituni. Kutoka hapo chuo kikubwa, uwakili, kisha akaingia chama cha kihafidhina. Ni chama cha watu wanaopenda mambo yakae yalivyokaa, ndivyo alivyonieleza siku moja nikimenya viazi. "Hata wewe ni mhafidhina, Mwajuma," akasema. "Hutaki mtu ahamishe kopo lako la chumvi." Nikacheka. Anajua kunichekesha.

Aligombea ubunge mara mbili akaanguka. Mara ya tatu alivaa viatu vya dukani kwa baba yake, akagonga mlango wa kila nyumba jimboni mpaka soli zikatoboka, akapita. Viatu vile uliviona kwenye kabati la kioo pale sebuleni. Mimi ndiye ninayevipiga rangi kila mwezi, ingawa hakuna anayevivaa. Alikaa bungeni miaka mingi, akawa naibu waziri, akawa waziri wa mambo ya wageni wanaoingia nchini. Malkia akampa cheo cha Sir. Wanjiku aliposikia hilo alishangaa: "Kumbe wako ni Sir wa ukweli! Hawa wetu wote ni sir wa mshahara."

Ile picha kubwa ya kwenye ngazi, ambamo anainua mkono, ndiyo siku yake ya juu kabisa. Alikuwa anahutubia mkutano wa chama. Alisema mgeni anayekuja kufanya kazi kwao aje na mikono yake, watoto awaache kwao, kwani mtoto aliyebaki na bibi yake hapungukiwi kitu. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Madam mpaka leo akisimulia anapiga makofi kidogo, hivi, kwa ncha za vidole. Magazeti yakasema huyu ndiye atakayeongoza chama. Halafu rafiki yake aliyemsimamia harusi akawazungukia wabunge mmoja mmoja, kura zikaenda kwingine. Uchaguzi uliofuata hata jimbo likamponyoka. Anasema jambo lililomuuma si kushindwa, ni simu. Ilizoea kulia tangu asubuhi, siku moja ikanyamaza na haikulia tena.

Ndipo wakahamia huku, kwa ajili ya jua na mifupa ya madam, na makampuni yanayomlipa kwa ushauri. Mimi wakanikuta nimetoka nyumba ya kwanza, kafeel wangu wa mwanzo, aliyenidhamini viza, amehama nchi, natafuta kazi. Wakanichukua.

Kazi hizi, mwanangu, neno la kwanza kufundishwa si la kupika wala la kufua. Ni "yes, sir" na "yes, madam." Pale ofisini kwa wakala, Dar, tulipangwa mstari wasichana kumi na tano, yule mama anapita anauliza, sisi tunaitikia. Umeelewa? Yes, madam. Umechoka? Yes, madam. Hapo alimzaba mmoja kibao, akatuambia ukiulizwa kama umechoka unasema upo vizuri. Tukacheka sote, hata aliyezabwa. Neno hilo likishakuingia linatoka lenyewe, hata hujafikiri. Mimi limenitoka miaka kumi na tano.

Na siku moja lilinitoka mbele ya kamera.

Huko kwao kulikuwa na mjadala. Yale maneno yake ya zamani wenzake walikuwa wameyafufua, wanataka yawe sheria: anayekuja kulea wazee wao asije na mtoto. Televisheni moja ikamtafuta Sir, akazungumza nao kwa kompyuta akiwa hapa hapa sebuleni. Mimi nikaingia na sinia la chai. Naona yule mtangazaji kwenye kioo anambana, anamuuliza kama anajua hali ya mtoto aliyeachwa na mama yake. Sir akageuka akaniona. Uso ukamng'aa kabisa.

"Huyu hapa anajua," akasema. "Mwajuma, njoo kidogo. Binti yako yuko kwenu, sivyo? Na hana shida yoyote?"

Nikasogea na sinia mkononi.

"Yes, sir. She is fine, sir."

Asubuhi ya siku hiyo hiyo bibi yako alikuwa amenipigia kutoka Kondoa. Aliniambia umeacha shule. Una mimba ya miezi minne, umejifungia chumbani siku ya tatu hutaki kula, na kila akikuuliza unamwambia hakuna wa kumwambia. Nilikuwa nimelia jikoni, nikanawa uso, nikachemsha maji, nikapanga vikombe. Nikaenda nikawaambia watu wa nchi nzima kwamba huna shida.

Wanjiku aliiona ile video kwenye simu. "Haki Mama Zai, umekuwa celeb," akaniambia. Akaongeza: "Lakini umedanganya dunia nzima na sinia mkononi." Sikuzungumza naye mwezi mzima, kwa sababu hakukosea.

Sheria ikapita. Najua haikupita kwa ajili ya sinia langu la chai. Wangepitisha tu. Lakini leo unakwenda kulea mama za watu na Imrani hawezi kukufuata kwa sababu ya sheria hiyo, na ukitafuta walioitetea utamkuta mama yako amesimama hapo na kitambaa cheupe kiunoni. Na kitabuni nimo pia. Ukurasa mzima. "Mwanamke wa nyumbani kwangu aliijibu hoja yao kwa maneno matatu." Ndivyo alivyoandika.

Sasa nikuambie la soksi. Sijamwambia mtu, hata madam.

Kila nikipanga droo ya soksi za Sir nakuta biskuti. Mbili, tatu, zimefungwa kwenye leso. Mwanzo nilidhani ni uzee. Nikazitoa, wiki ya pili zipo nyingine. Mtu ana majokofu mawili yamejaa, anaficha biskuti! Nikaacha kuzitoa. Nikawa nabadilisha tu zilizochacha, naweka mpya, namfungia leso vile vile. Hatujawahi kulizungumza.

Halafu mwaka huu nikanyoosha karatasi moja ya kapuni. Kiingereza changu unakijua ni cha jikoni, lakini ile niliisoma mpaka mwisho. Ni siku alipopelekwa bweni. Mama yake alimwambia aende nyuma ya jengo akaangalie sungura wa shule, yeye anazungumza na mwalimu. Akaenda. Akarudi mbio kumwambia mama kwamba sungura mmoja ana jicho moja, akakuta gari halipo. Mwalimu akamuuliza, "Hutalia, sivyo?" Akajibu, "No, sir." Ameandika kwamba muhula mzima alikuwa anaweka biskuti ya jioni kwenye soksi, ili mama akija amkute na kitu cha kumpa.

Karatasi hiyo aliikata kwa kalamu, mstari mmoja mrefu kutoka kona hadi kona, akaitupa. Kitabuni ameweka sentensi moja tu: nilipelekwa bweni nikiwa na miaka saba na haikunidhuru.

Geuza unayoishika sasa. Ndiyo hiyo.

Niliisoma nimesimama, nikakaa sakafuni hapa kando ya mashine. Kwa sababu mimi sikukuambia uende kwenye sungura. Mimi nilikutuma kiberiti.

Ulikuwa na miaka mitano, mimi ishirini na mbili. Basi la Dodoma linapita saa nne. Bibi alisema tukuage vizuri, nikaogopa kilio chako, nikasema mtoto akilia nitashindwa kupanda. Hivyo nikakupa shilingi mia, nikakwambia, "Zai, kimbia kwa Mzee Shabani ukaniletee kiberiti, mama anataka kupika." Ukauliza, "Mama, na peremende?" Nikasema na peremende. Ukakimbia na ndala zangu, zimekuzidi. Mgongo wako ukipita kwenye ua wa minyaa ndio nilioondoka nao.

Miaka miwili baadaye nikapata likizo ya kwanza. Nimekuja na begi la zawadi, mdoli, viatu vya taa. Hukunikimbilia. Ulisimama mlangoni ukanitazama kama mgeni wa bibi. Ukaingia ndani, ukarudi na kitu kwenye kiganja.

"Mama, kiberiti chako."

Sijui kama unakumbuka. Bibi alisema ulikuwa unalala nacho, mtu akitaka kuwashia jiko unampigia kelele kwamba ni cha mama. Njiti hata moja haijapungua. Nikakipokea, nikasema, "Ahsante mwanangu," nikakupa mdoli. Hayo tu. Nilipaswa kupiga magoti pale pale nikakwambia nilikudanganya. Nikaona aibu mbele ya majirani. Siku ile ile nikaanza kusimulia Dubai kulivyo.

Na juzi ukanihadithia namna ulivyomwacha Imrani. Ulimtuma kikombe kwa jirani, akirudi wewe umeshapanda gari. Ulikuwa unacheka, nami nikacheka nawe. Nilicheka, Zaituni. Halafu nikasema naenda kuangalia nguo, nikakaa huku kwenye mashine nikawasha maji yaende bure.

Leo asubuhi nimempelekea Sir chai, nikaweka sinia chini kwanza. Nikamwambia, "Sir, lile jibu langu la kwenye kamera halikuwa la kweli. Binti yangu alikuwa na shida. Na hatasimama huko kusema hakuwa nayo."

Akavua miwani. "Lakini uliniambia, Mwajuma."

"Nilikuambia, sir. Ninyi mkiuliza sisi tunasema yes."

Nikamweleza habari ya kiberiti. Yote, pamoja na peremende. Akageukia dirisha, akaangalia bustanini.

"Alikifanyaje?" akauliza.

"Alinirudishia, sir."

Mkono wake ulikuwa unatafuta kitu mezani haukioni. Nikadhani ataniambia jambo. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba najua habari ya sungura. Lakini alipofungua mdomo ilikuwa sauti ya ile picha ya kwenye ngazi. Akasema kitabu kimeshakwenda kwa wachapaji, khalas, hakuna cha kubadilisha. Akasema jina lako limo kwenye ratiba ya ukumbini. Akasema, taratibu kabisa, "Mwambie afikirie vizuri. Barua yake ina sahihi yangu." Sijui alikuwa ananionya au ananikumbusha wema wake. Nadhani hata yeye hajui tofauti. Kisha akaomba sukari, na sukari ilikuwa pale pale.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, sikufichi. Kitabuni nimeshasema ndiyo, na hilo halifutiki. Kilichobaki ni mdomo wako. Ukikataa kusimama, inawezekana wenye hiyo nyumba ya wazee wakapigiwa simu, na inawezekana nami nikaambiwa nifungashe. Ukisimama ukasema wanavyotaka, watapiga makofi, utapata marafiki wakubwa, na siku moja Imrani ataiona hiyo video kama wewe ulivyoiona yangu. Uliiona, najua. Wanjiku aliniambia ulimwomba akuonyeshe, ukairudia mara tatu, ukamrudishia simu bila neno. Ungenitukana ingekuwa afadhali.

Sikuamulii. Nimekuamulia vya kutosha. Ninachofanya ni kulirudisha jibu nililolitoa kwa niaba yako, liwe lako. Ila mimi ningekuwa wewe ningekwenda. Ningevaa koti la Wanjiku nikaenda, nikasubiri waniite, na wakishauliza ndipo ningejibu.

Upande wangu nimeshapanga. Mkataba wangu umebakiza miezi minne na sitatia sahihi mwingine. Nimemwambia madam kabla hajaenda saluni. Amesema, "Yalla, Mwajuma, tutazungumza," akachukua funguo za gari. Hatutazungumza, nitarudi Kondoa. Wakinifukuza kabla, nitafika mapema zaidi. Bibi yako amechoka, amelea watoto watatu na mmoja tu ndiye aliyemzaa. Imrani, bibi anasema, bado anakiweka kile kikombe dirishani. Nitakaa mlangoni pale pale nilipokutuma. Nitamtajia jina la nchi ulikokwenda, na kwamba kesho hurudi, na kwamba mama yake alimdanganya kwa kuogopa. Alie mbele yangu. Wewe hukupata wa kumlilia.

Nasikia vitasa vya juu, Sir ameamka. Ataitisha chai, nami nitaitikia, bado ni kazi.

Kwenye mfuko wa ndani wa koti la Wanjiku, aliloniachia nikaze vifungo, upande wa kushoto, nimekushonea kitu. Ni kile kiberiti. Kimekaa kwenye sanduku langu miaka kumi na mitatu, nyumba mbili. Njiti nimezitoa kwa sababu ya ndege, ni boksi tupu. Wakikuita ukumbini na kukuuliza kama mtoto aliyeachwa hapungukiwi kitu, usihangaike kutafuta Kiingereza. Kitoe ukiweke mezani mbele ya Sir. Yeye atakijua.

Ni mimi mama yako, niliyekutuma nisingoje urudi,

Mwajuma